Mwenzake Yuko Wapi? Somo Kutoka kwa Mti Uliofanana na Mtende



Mwaka jana, wiki ya pili ya Shawwal, mfuko wetu wa futari ulikuwa umebaki na akiba kidogo. Tulishauriana tukakubaliana kwamba pesa hiyo ipande miti mbele ya msikiti wa kampasi, maana pale palikuwa na kifusi na jua tu. Mimi nilikuwa katika kamati ya mazingira. Akaja mtu na pikapu, amebeba mashina mawili manene yaliyokatwa majani. Akasema ni mitende ya mlimani kutoka upande wa Moyo, haitaki maji mengi, na itaishi kuliko sisi sote. Niliyatazama yale makovu ya majani yaliyozunguka shina, nikaona mtende. Nikakumbuka Madina, moyo ukalainika. Tukalipa shina moja, tukamwambia la pili alirudishe baada ya mwezi mmoja.

Siku tatu baadaye alipita dada mmoja wa mwaka wa tatu anayesoma sayansi ya mimea. Aliinama, akashika shina, akachimba kidogo kwa kidole penye mzizi uliokatwa. Kisha akaniambia, "Ustadhi, huu si mtende. Na mwenzake yuko wapi?"

Nilidhani anauliza shina la pili. Nikamwambia litaletwa.

"Siulizi hilo," akasema. "Nauliza mume wake, au mke wake."

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu nililolitafuta tangu siku ile, kwa kumuuliza yeye na kwa kusoma maktabani.

Ni mti gani huu?

Wataalamu wa mimea huuita saikadi. Katika Kiswahili cha pwani kuna jina zuri zaidi, mtapo, nami nitalitumia hilo. Ukiuona kwa mbali unafanana na mtende: shina moja, kilele cha majani marefu kama manyoya. Lakini undugu haupo. Mtende ni mmea wa maua, na undugu wake na mahindi na nyasi ni wa karibu kuliko undugu wake na mtapo. Mtapo hautoi ua wala tunda. Uko katika kundi la mimea yenye mbegu uchi, pamoja na msonobari, yaani mbegu yake haifunikwi na tunda bali hukaa juu ya magamba ya koni.

Mitapo ni kundi la kale sana. Mabaki yake yaliyogeuka mawe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Hata hivyo tusiongeze chumvi kama wafanyavyo wengi, wanaosema mti huu umekaa vilevile tangu zama za dinosaria. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba aina nyingi zinazoishi leo zilitokea ndani ya miaka milioni 12 iliyopita. Ukoo ni mkongwe, lakini watoto wake ni wa juzi kwa hesabu ya miamba.

Duniani kuna aina zaidi ya 350. Barani Afrika kuna jenasi yetu wenyewe, Encephalartos, yenye aina 65 hivi, na haioti porini mahali pengine popote. Uganda imejaliwa kadhaa. Encephalartos whitelockii unaota kwenye korongo la maporomoko ya Mto Mpanga, magharibi mwa nchi, kabla mto haujaingia Ziwa George. Encephalartos equatorialis uko karibu na Ziwa Victoria. Encephalartos septentrionalis, ambao jina lake lina maana ya "wa kaskazini", unapatikana kaskazini mwa Uganda na kuvuka mpaka hadi Sudan Kusini na Kongo. Na hapa kwetu West Nile, ukitoka Arua ukapita Koboko na Yumbe, unafika Moyo, kwenye milima inayoutazama Mto Nile. Huko ndiko nyumbani kwa Encephalartos macrostrobilus, yaani "mwenye koni kubwa". Wanasayansi waliuandika kwa jina hilo mwaka 1997 tu. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulizaliwa baada ya hapo, lakini mti wenyewe ulikuwa pale kabla hatujawa na mji wala njia.

Umbile lake

Shina la mtapo ni nene na mara nyingi ni fupi. Usitazamie mbao ya kupasua kama ya mvule. Katikati kuna kiini kikubwa cha wanga, na nje shina limevikwa mabaki ya vikonyo vya majani ya zamani, yamejipanga kama ngao. Moto wa kiangazi ule tunaouona ukipanda vilimani kila Januari huunguza majani, lakini ngao ile hulinda kiini. Mvua ikirudi, majani mapya hutoka kwa pamoja, yote kwa mara moja, kama taji.

Majani ya Encephalartos ni magumu, na vijani vyake vingi vina miiba inayochoma. Kwa alama hii utautenganisha na mtapo wa mapambo unaouona kwenye bustani za hoteli, ambao asili yake ni Japani, Cycas revoluta. Huo vijani vyake ni vyembamba, kila kimoja kina mshipa mmoja tu katikati.

Jambo lililonishangaza zaidi liko ardhini. Mbali na mizizi ya kushika mti, mtapo huotesha mizizi mingine midogo inayopanda juu kuelekea uso wa udongo, imegawanyika kama marijani ya baharini. Ukikata mzizi huo utaona pete ya rangi ya kijani na buluu. Hao ni bakteria wanaoishi humo ndani. Wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na mmea unawapa makao na sukari. Ndiyo maana mtapo unaweza kuishi juu ya jabali lenye udongo wa kiganja kimoja. Dada yule alipochimba kwa kidole alikuwa anaitafuta mizizi hiyo. Haikuwepo. Aliyeung'oa aliiacha mlimani.

Dume na jike

Kwetu Ayivu nyumba nyingi zina mpapai uani, na kila mtoto anajua kwamba kuna mpapai dume. Unatoa maua mengi, unapendeza, na hauzai papai. Bibi yangu huukata bila huruma, lakini kila mara huacha mmoja karibu na ua. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, "Na hawa wanawake wataolewa na nani?"

Mtapo uko hivyo, tena kwa ukali zaidi. Kila mti ni dume au ni jike, na hakuna hata aina moja ya mtapo ambayo mti mmoja kwa kawaida hubeba vyote viwili. Huwezi kujua jinsia kwa kutazama jani wala shina. Unasubiri mpaka mti utoe koni, na mti uliootoka kwenye mbegu unaweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya koni ya kwanza. Koni ya dume huwa nyembamba na imejaa chavua. Koni ya jike ni nene na nzito, na kila gamba lake hubeba mbegu mbili.

Chavua inafikaje kwa jike? Vitabu vya zamani vilisema ni upepo. Majaribio yaliyofanywa kuanzia miaka ya 1980 yaliwaonyesha watafiti kwamba katika mitapo mingi kazi hiyo hufanywa na wadudu, na kwenye Encephalartos wengi wao ni fukusi. Ndiyo, fukusi, ndugu zake wale wanaotula maharage bwenini. Koni ikikomaa hujipasha joto yenyewe, ikawa na joto kuliko hewa iliyoizunguka, na kutoa harufu kali. Fukusi huja kwenye koni ya dume, hula humo, hutaga humo, na hutoka wamejaa unga wa chavua. Koni ya jike nayo hutoa harufu, magamba yake yakiachia nyufa nyembamba. Fukusi huingia humo wakitafuta makao, wakakosa walichokitafuta, lakini chavua imekwisha kufika.

Fukusi hawa hawali kila kitu. Aina fulani ya fukusi huishi na aina fulani ya mtapo. Mitapo ikiondoka mlimani, fukusi hawana pa kutaga. Na fukusi wakiisha, mitapo iliyobaki itatoa koni kila msimu bila kupata mbegu hai.

Baada ya chavua kufika, huchukua miezi kadhaa kabla yai halijatungishwa. Tena hapa kuna ajabu. Mbegu ya kiume ya mtapo huogelea. Ina vinyweleo maelfu kwa maelfu, na huvuka tone la majimaji ndani ya mbegu changa ili kulifikia yai. Mjapani Ikeno ndiye aliyeiona mwaka 1896, mwaka uleule mwenzake Hirase alipoona jambo kama hilo kwenye mti wa ginkgo. Mbegu hizo za kiume ndizo kubwa kuliko zote katika mimea, na katika baadhi ya aina mtu mwenye macho mazuri anaweza kuziona bila hadubini.

Mbegu ikikomaa huvikwa nyama nyekundu au ya rangi ya chungwa. Nyani, tumbili na hondohondo hula nyama hiyo na kuiacha kokwa mbali kidogo na mama yake. Hata hapo kiinitete bado hakijamaliza kukua. Huendelea ndani ya kokwa kwa miezi kabla ya kuchipua.

Hesabu safari hiyo: dume, jike, fukusi, majimaji, nyani, jiwe lenye unyevu, na miaka kumi ya subira. Kiungo kimoja kikikatika, mti uliosimama utaendelea kusimama, lakini kizazi kimekwisha.

Mti uliokosa mke

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Afrika Kusini. Mwaka 1895 John Medley Wood aliukuta mtapo wa peke yake kwenye msitu wa Ngoye, mashina manne yaliyotoka mahali pamoja. Ulikuwa dume. Watu wamemtafuta jike kwa zaidi ya miaka mia moja, na hajaonekana. Mti huo sasa unaitwa Encephalartos woodii. Machipukizi yake yamekatwa na kupandwa katika bustani nyingi duniani, na kila mmoja ni dume, kwa sababu wote ni mti uleule mmoja uliogawanywa. Una afya, unatoa koni, unapigwa picha. Porini haupo tena.

Mwingine uko Kew, London. Uliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775 na Francis Masson, na umeishi kwenye chungu tangu siku hizo. Katika umri wote huo inajulikana koni moja tu uliyowahi kutoa, mwaka 1819. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya vioo na watunza bustani bora, na bado asiweze kuupa mti kile ambacho mlima ulikuwa unaupa bure.

Matumizi, na sumu

Jina Encephalartos limetokana na Kigiriki, likiwa na maana ya mkate ndani ya kichwa. Sababu ni kwamba watu wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitoa wanga wa kwenye shina na kutengeneza mkate. Pwani ya Kenya na Tanzania pia mitapo imewahi kuliwa wakati wa njaa. Lakini watu hao walikuwa na elimu yao. Walikatakata, wakaloweka siku nyingi, wakabadilisha maji, wakaacha vichache, wakaanika, ndipo wakasaga. Kwa nini kazi yote hiyo? Mtapo una sumu, ikiwemo ile inayoitwa saikasini, inayoharibu ini na kuweza kuleta saratani. Mwaka 1901, katika vita vya Waingereza na Makaburu, Jan Smuts na askari wake walikula mbegu za mtapo bila kuziandaa, wakaugua vibaya. Ng'ombe wanaokula majani yake wanaweza kupooza miguu ya nyuma, na mbwa hufa kwa kutafuna mbegu zake. Kwa hiyo naomba asitokee msomaji wa kujaribu mapishi. Na kama mnao nyumbani, wafundisheni watoto wasiziokote zile mbegu nyekundu.

Matumizi ya leo ni pambo, na pambo ndilo linaloumaliza. Mtapo mkubwa una bei, na kwa kuwa hukua polepole, mwenye haraka haoni haja ya kupanda mbegu. Huenda mlimani kuchimba. Mkataba wa kimataifa wa CITES umeiweka jenasi yote ya Encephalartos katika orodha yake ya kwanza, yenye ulinzi mkali kuliko zote, na miti iliyotolewa porini hairuhusiwi kuuzwa nje ya nchi kibiashara. Lakini mti uliochimbwa Moyo na kuuzwa Arua hauvuki mpaka wowote. Unavuka dhamiri zetu tu.

Nilichokosea

Sisi wa Masomo ya Kiislamu tunasoma katika mlango wa mauzo hadithi ya Ibn Umar kuhusu mtende uliouzwa baada ya kuchavushwa: matunda ni ya muuzaji, isipokuwa mnunuzi akishurutisha. Niliihifadhi kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kuchavusha kuwe ndio mpaka wa haki za watu wawili. Ni kwa sababu mtende nao una dume na jike, na mkulima wa Madina alipanda juu kwa mikono yake kupeleka chavua. Ilikuwa kazi, na kazi ina haki.

Tunaijua pia habari iliyomo katika Sahih Muslim, ya Mtume (s.a.w.) kuwapita watu waliokuwa wakichavusha mitende. Alidhani huenda hakuna faida, wakaacha, mavuno yakapungua, naye akawarejesha kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Mara ngapi nimeitaja habari hii kwenye mijadala! Na siku pikapu ilipokuja, kulikuwa na dada anayejua mimea hatua mia kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na sikumuuliza. Nilitosheka na kwamba mti unafanana na mtende, nikadhani kufanana na sunna kunatosha.

Mwezi ulipokwisha yule mtu alirudi na shina la pili. Tulikuwa tumekubaliana kwenye kamati, nami nikapewa kazi ya kumwambia. Nilimweleza kuhusu dume na jike, kuhusu mlima, kuhusu mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nina watoto wawili wa sekondari. Wewe unanipa somo, na mwalimu wao anataka ada." Sikuwa na jibu kamili, na mpaka leo sina. Tulimpa nauli yake, tukamwomba kama anajua zilipo mbegu azilete mbegu, tutazinunua. Aliondoka na shina lake. Sijui aliyelinunua ni nani.

Tuliwaza kulirudisha lile la kwanza. Dada alitukataza kulipeleka kienyeji: mizizi imekatwa, hatujui lilichimbwa jabali gani, na huenda tukapeleka ugonjwa kwa yaliyobaki. Basi lipo mbele ya msikiti. Mvua za Agosti liliotesha majani sita. Wapitao husema, mashaallah, umeshika. Ndiyo, umeshika, na mimi hufurahi nikiupita. Lakini hatujui kama ni dume au jike, na siku utakapotoa koni, ikiwa utatoa, hakuna fukusi wake hapa Arua.

Pesa iliyobaki ilipanda miembe miwili na mvule mmoja, miche ya kitalu. Kwenye mtapo tumeweka kibao kidogo: jina lake, mahali ulikotoka, na onyo kuhusu mbegu. Chini dada aliandika kwa mkono wake, "Usininunulie mwenzangu. Mwache mlimani."

Maswali ya halaka

1. Taja alama tatu za kutofautisha mtapo na mtende bila kungoja koni wala tunda.

2. Kwa nini kulinda mtapo mmoja bustanini si sawa na kulinda mitapo mlimani? Tumia mfano wa Encephalartos woodii na wa fukusi.

3. Muuzaji akiita mtapo "mtende wa mlimani" akiwa anajua si mtende, mauzo yana hukumu gani? Na akiwa hajui? Na mnunuzi asiyeuliza ana sehemu gani ya lawama?

4. Yule mzee mwenye watoto wawili wa sekondari angejibiwa nini? Jibu liwe la vitendo, linaloweza kufanywa na jumuiya ya wanafunzi kwa pesa zake. Majibu bora yatajadiliwa katika kikao cha kamati, inshaallah.